Kata kwa Hasara

Daktari Rwechungura, kaa hapa miguuni,
kitanda hakivunjiki.
Mimi na wewe ni watu wa kisu.

Miaka kumi na tisa kiwandani Igogo,
gamboti nyeupe, barafu hadi ndani ya vidole,
sangara mmoja kilo thelathini, mwingine nyuma yake.
Najua kisu kinavyogusa uti kikajirudi chenyewe.
Najua nyongo inapojificha
na inavyoharibu samaki mzima ikipasuka.
Najua bondo, kile kipuli cha upepo tumboni,
ambacho kwa ajili yake tulipekuliwa getini kila jioni
kwa sababu kina bei kuliko mnofu.
Kwa hiyo usinichoree picha.
Sema tu.

Umesema: umerudi.
Kama vile mtu alikwenda Geita kutafuta maisha,
hakuyapata.
Mwaka juzi ulinipa mkono, ukasema
tumetoa uvimbe wote unaoonekana.
Hilo la "unaoonekana" nililisikia, daktari.
Minza sikumwambia.

Mwanzoni walisema bawasiri.
Nesi wa zahanati, bawasiri.
Shemeji yangu, ambaye ni fundi saa, bawasiri.
Miezi minane nikakalia beseni la majani
nikiona maji yanageuka rangi.
Nani angemwonyesha mtu mahali pale?
Hata jina lake tunalizunguka:
huku nyuma, kule chini, samahani, nanihii.
Wewe ndiye wa kwanza kulitaja. Puru.
Ukalitaja kama mtu anayetaja kituo cha Buzuruga.
Nikakuamini papo hapo.

Sasa unasema puru yote, na mfuko wa uzazi,
na ukuta ulio katikati,
na kibofu, pengine, ukifika utaona.
Nyuma mtashona, mlango ufungwe kabisa,
na kile kifuko cha ubavuni, aliyekuwa mgeni,
sasa ahamie na mizigo yake.

Mfuko wa uzazi chukua.
Ulilaza wanne, wawili wako mchangani Ukerewe,
umemaliza zamu yake.
Kifuko, nisikudanganye, nilikichukia.
Vilipoadimika dukani nilibandika mfuko wa sukari kwa plasta,
nikaenda kanisani, nikakaa karibu na mlango,
na wakati wa sala ya kimya
tumbo langu likasali kwa sauti.
Minza alicheka hadi akatoka nje.
Nami nikamfuata, nikicheka, nikiwa nimekishika.

Lakini nilikuitia jambo moja.

Kule kiwandani msimamizi alipita na mizani.
Mnofu ukibaki mfupani, ulikatwa mshahara.
Tulifundishwa kupita karibu, karibu zaidi,
mpaka mfupa uone haya kwa uchi.
Mkono wangu haujui kukata namna nyingine,
na naogopa wako umefundishwa hivyohivyo:
kuhurumia, kubakiza, kupita ukingoni.

Usinihurumie kwa kisu.
Kata kwa hasara.
Acha nyama nzuri iende na mbaya,
upana wa kidole, wa viwili, kote kuzunguka,
kama mtu anayetoa ndago shambani
na kubeba udongo wake.
Hapa hakuna mizani.
Na ukifungua ukakuta umepanda mahali pasipofikika,
funga.
Uniambie mimi kwanza, kabla ya shemeji.

Haya, lete hiyo karatasi.

Nesi amenishika dole gumba,
wino, karatasi, hakuna kitu.
Mara ya pili, doa tupu, kama zabibu.
Mara ya tatu amelifuta kwa spiriti, ameligeuza kwenye taa.
Ni barafu, mwanangu, na chumvi, na miaka.
Mistari yote niliiacha Igogo,
imesafirishwa ng'ambo kwenye makasha pamoja na minofu.

Niletee kalamu.
Nansato naweza kuandika.
Polepole, lakini naweza.